Duka la kona nyuma ya Melton Road, Leicester: ufunguo wa umeme unachajiwa, muhogo safi, siasa bure

Nianze na bei, maana ndiyo itakayoulizwa kwanza. Duka hili si la bei poa. Maziwa, mafuta ya kupikia, sabuni ya unga, vyote vimezidi kidogo vya supamaketi, na mkate ukiukuta Jumapili jioni ujue ni wa juzi. Mwenye gari, mwenye kadi ya punguzo, mwenye nafasi ya kusukuma kitoroli nusu saa nzima, hana sababu ya kununua sabuni hapa. Mimi sina gari. Natoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, basi linanishusha Melton Road macho yanajifumba, na nyumbani kuna mita ya umeme inayosubiri kulishwa. Kwa hiyo duka hili nalijua rafu kwa rafu.

Nalipatia nyota nne kati ya tano. Nyota iliyokatwa ina sababu zake, na nusu ya sababu hizo ni mdomo wa mwenye duka.

Kwa mlioko nyumbani mnaodhani LUKU ni mtihani wetu peke yetu: Uingereza kuna zaidi ya nyumba milioni 4 zinazolipia umeme kabla ya kuutumia, nyingi zikiwa za wapangaji na za watu ambao mshahara unaisha kabla ya mwezi. Mita za zamani kama yangu haziingizwi tarakimu. Unakuwa na ufunguo wa plastiki wenye kijichuma mbele. Unaupeleka dukani, unachomekwa kwenye mashine, unalipa, unarudi nao nyumbani kuuchomeka kwenye mita. Gesi ina kadi yake mbali. Dada yangu aliyeko Tandika, Dar, ananunua umeme kwa simu akiwa amejifunika shuka. Mimi navaa koti na kofia, naingia barabarani na upepo wa Januari, natembea. Wenye mita mpya wanalipa kwa programu ya simu kama binadamu wengine. Mwenye nyumba wetu alisema ataiweka, na siku hizi hata simkumbushi.

Sasa, maduka yenye bango la mashine dirishani yako mengi. Ukiingia na ufunguo ndipo unaambiwa mtandao umekata, au mashine mbovu, au njoo kesho. Kamisheni yake ni ndogo, na wengine hawaoni faida ya kusimamisha foleni kwa ajili ya mtu wa pauni tano. Hapa sijawahi kurudishwa. Mzee mwenye duka anaupokea ufunguo, anakifuta kile kijichuma kwa pindo la sweta yake, maana kikiwa na vumbi mashine inakataa kusoma, anauchomeka, anauliza, "Ngapi leo, dada?" Anakupa risiti bila kuombwa. Risiti hiyo itunzeni. Kuna duka jingine pesa yangu ilikatwa na ufunguo ukatoka mtupu, na nilipopiga simu kampuni ya umeme jibu lilikuwa fupi: bila risiti hatuna la kuzungumza.

Tena mzee huyu anawaeleza wateja wapya jambo ambalo barua za kampuni zinalificha katika maandishi ya kumtafuta mchwa: tozo ya kila siku. Usipowasha hata taa moja, mita inakata zaidi ya peni 50 kwa siku upande wa umeme na takriban peni 30 upande wa gesi. Kwa mwaka ni zaidi ya pauni 300 kabla hujachemsha maji ya chai. Mtanzania ataikumbuka kodi ya jengo iliyowekwa kwenye LUKU Agosti 2021, ila ile unakatwa kwa mwezi na unajua imepita. Hii inajirundika kimyakimya. Mpangaji mwenzangu wa chumba cha juu alimaliza kiangazi kizima bila kugusa gesi. Oktoba baridi ikaingia, akachaji kadi pauni 20, akaichomeka, akabonyeza kitufe kuangalia salio, akakuta zimebaki chache, nyingine zote zimelipia siku alizokuwa analala dirisha wazi. Alinijia akiwa na kadi mkononi kama mtu aliyeibiwa kwenye daladala. Mzee ushauri wake ni mmoja: hata Julai, tupia gesi pauni mbili tatu kila wiki, usiipe nafasi ya kukudai.

Upande wa bidhaa, njooni kwa ajili ya muhogo. Unatoka Costa Rica, umepakwa nta ukang'aa kama kiatu cha shule, na kwa nje huwezi kujua uliooza. Mzee anashika ncha, anaivunja mbele yako, tap! Ukiwa mweupe pee anakupa. Ukiwa na mistari ya buluu anautupa kwenye boksi lake mwenyewe bila maneno. Supamaketi hakuna wa kukuvunjia muhogo. Matoke zipo Alhamisi jioni, zinapanda ndege kutoka Uganda na bei yake ni ya abiria. Unga wa sembe upo, bamia zipo, pilipili mbuzi zipo. Maharage ya kopo na biskuti zimechapwa bei kwenye pakiti kutoka kiwandani, kwa hiyo hapo hakuna wa kukulangua.

Mkono wa kulia ukiingia kuna friza ndefu imezimwa tangu mwisho wa 2022. Vioo vimeondolewa, ndani yamepangwa magunia madogo ya vitunguu na viazi. Ukimuuliza mzee kwa nini, ndipo utaelewa duka hili linazungumzia nini siku nzima. Ofgem, yaani msimamizi wa soko la nishati, hutangaza kikomo cha bei kila miezi mitatu, na magazeti yote huandika. Kikomo hicho ni cha majumbani tu. Duka halimo. Mkataba wake wa umeme ulipoisha katikati ya vita vya Ukraine, gesi ikiwa juu angani na umeme ukiifuata, alipewa bei mpya akaikalia chini. Serikali iliwapa wafanyabiashara nafuu ya miezi sita majira ya baridi yale, ikaisha Machi 2023 ikaja nyingine nyembamba zaidi. Samaki wa kugandishwa wakaondoka na friza. Kwa wapenzi wa changu na kibua, nyota nusu imekwenda hapo.

Mzee ni mzaliwa wa Jinja. Alikuja kijana wa shule mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda. Halmashauri ya Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije mji huu, umejaa. Wakaja. Mzee anasema nyumbani kwao hakuna aliyewahi kuisikia Leicester mpaka waliposoma tangazo. Kiswahili chake ni kile cha dukani cha zamani, "iko" nyingi: "Dada, leo muhogo iko mzuri sana, chukua." Mimi namwita mzee, wateja wa Kigujarati wanamwita kaka mkubwa kwa lugha yao, na yule bibi wa Kiingereza nitakayemtaja hapa chini anamwita kama unavyomwita mtoto mdogo.

Basi tuje kwenye kaunta. Redio iko juu ya rafu ya sigara, haizimwi, na taarifa ya habari ikisomwa kuna mtu atatoa kauli. Kuna dereva wa basi, mwanachama wa chama cha wafanyakazi, na kwenye siasa ni Labour damu, chama cha mrengo wa kushoto. Kuna jamaa wa gereji jirani, Mwingereza wa hapahapa, anayeshabikia Reform, chama cha Nigel Farage kinachopinga uhamiaji. Kuna bibi aliyestaafu kiwanda cha soksi enzi Leicester ikiwa ndiyo mji wa soksi na fulana. Na mzee, ambaye ni Conservative, yaani wahafidhina, na zaidi ya Conservative ni mtu wa Rishi Sunak, waziri mkuu wa zamani.

Hilo la Sunak lina historia. Baba yake Sunak alizaliwa Kenya, mama yake alizaliwa Tanganyika, na mama huyo alikuwa na duka la dawa Southampton. Kwa mzee, mtoto wa mama mwenye duka kuingia nambari 10 Downing Street, nyumba ya waziri mkuu, ilikuwa kama mpwa wake amefaulu. Alipopita bila kupingwa kuongoza chama chake, 24 Oktoba 2022, ilikuwa siku ya Diwali yenyewe. Melton Road yote ina taa, fataki zinalia, mzee amesimama kaunta anagawa laddu, vitamu vya Kihindi, kwa kila anayeingia, hata aliyekuja kununua kiberiti. Ukurasa wa gazeti ameubandika nyuma ya mashine ya ufunguo, na bado upo, umegeuka rangi ya chai.

Dereva hampi raha. Kila mzee anapomsifu Sunak, dereva anaanza kuhesabu waliopita: mwaka ule wa 2022 nchi ilikuwa na mawaziri wakuu watatu, Boris Johnson, Liz Truss, Sunak, chama kilekile. Kwa Truss ndipo anaponogewa. Septemba 23 waziri wake wa fedha, Kwasi Kwarteng, alitangaza kupunguza kodi za pauni bilioni 45 bila kuonyesha pesa itatoka wapi, masoko yakashtuka, Septemba 28 Benki Kuu ikajitosa kununua dhamana za serikali kuokoa mifuko ya pensheni, riba ya mikopo ya nyumba ikapita asilimia 6. Gazeti la Daily Star likaweka kichwa cha letisi, yale majani ya saladi, mbele ya kamera kuona kipi kitadumu, letisi au waziri mkuu. Letisi ikashinda. Dereva akifika hapo huwa anainua letisi kutoka kwenye kreti ya mzee na kuionyesha watu, na mzee humwambia aidha ainunue au airudishe.

Mimi kichekesho cha letisi nakicheka, lakini nina langu na nimelisema pale kaunta nikaangaliwa vibaya na pande zote. Truss huyohuyo ndiye aliyetangaza, 8 Septemba 2022, siku aliyofariki Malkia, kwamba bili ya nyumba ya kawaida itazuiwa kwenye pauni 2,500 kwa mwaka. Kikomo cha Ofgem kilikuwa kinaruka kwenda 3,549. Aliharibu mengi, kodi ya chumba changu ilipandishwa kwa kisingizio cha mkopo wa mwenye nyumba, na sina hamu ya kumwona tena. Ila ufunguo wangu majira yale ya baridi ulikaa hai kwa mkono wake. Na ziada waliyokuwa wanatozwa watu wa ufunguo kuliko wanaolipa kwa benki, yaani maskini kulipa zaidi kwa umeme uleule, iliondolewa Julai 2023, Sunak akiwa madarakani. Dereva akisikia hivyo huniita msaliti wa tabaka la wafanyakazi. Namwambia anilipie tozo ya siku moja halafu aniite anavyotaka.

Ilikuwa pia ndiyo baridi ya zile vocha. Serikali iliipa kila nyumba pauni 400 kwa miezi sita. Wenye kulipa kwa benki waliona punguzo limejipanga lenyewe. Sisi wa ufunguo tulitumiwa vocha kwa posta au kwa simu, pauni 66 kwa miezi miwili ya kwanza, 67 kwa minne iliyofuata, ukazikomboe dukani kabla hazijakufa. Nyingi nchini hazikukombolewa. Bahasha zilifanana na matangazo, wazee wakazitupa. Mzee aliandika kwa kalamu nene kwenye kadibodi, kwa Kiingereza na Kigujarati, FUNGUA BARUA ZAKO, akaisimamisha juu ya boksi la chokoleti. Watu walikuja na bahasha ambazo hazijafunguliwa, akazichana yeye mwenyewe kwa kisu cha kukatia mboga, akakuta humo pesa ya mtu. Kazi hiyo hakulipwa na mtu. Nyota moja nzima kati ya zile nne ni ya kadibodi ile.

Ugomvi mkubwa niliowahi kuushuhudia hapa haukuwa wa chama. Mzee alikuwa anamtetea Sunak: Januari 2023 aliahidi kupunguza mfumuko wa bei kwa nusu, ulikuwa umefika asilimia 11.1 Oktoba 2022, na kufika Oktoba 2023 ukawa 4.6. "Ahadi imetimia au haikutimia?" Bibi wa soksi akachukua pakiti ya siagi kutoka kwenye jokofu, akaiweka kaunta. "Basi niuzie kwa bei ya zamani." Mzee akacheka. Bibi hakucheka. "Umesema imepungua. Nipe bei iliyopungua." Mzee akaeleza kwamba mfumuko ukishuka bei haishuki, inapanda polepole tu, ile iliyokwisha kupanda imeshakaa. Vyakula peke yake Machi 2023 vilikuwa vimepanda zaidi ya asilimia 19 kwa mwaka mmoja. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo mnashangilia nini?" Duka zima kimya, hata jamaa wa gereji. Siagi ikarudi jokofuni.

Bibi huyu kesi yake na Labour ni nyingine. Alikipigia kura maisha yake yote. Julai 29, 2024, serikali mpya ya Labour haina hata mwezi, waziri wa fedha Rachel Reeves akasema amekuta shimo la pauni bilioni 22, na posho ya baridi ya wastaafu, pauni 200 au 300 kwa mwaka, itabaki kwa wanaopata ruzuku ya wazee maskini tu. Zaidi ya milioni 10 wakaikosa. Bibi alivuka kiwango cha ruzuku kwa pauni chache, kwa sababu ya pensheni ndogo ya kiwanda cha soksi. Baridi ile alikuwa anachaji pauni tatu, pauni nne, sarafu anazitoa kwenye kopo la vidonge, anazipanga kaunta moja moja, foleni nyuma yake inasubiri na hakuna aliyeguna. Juni 2025 serikali ikarudi nyuma: mwenye kipato kisichozidi pauni 35,000 arudishiwe. Dereva alikuja amechangamka kumpa habari njema. Bibi akamwambia, "Kunirudishia changu si zawadi," na akanunua maziwa yake akaondoka. Dereva tangu siku hiyo humtetea Keir Starmer, aliyeiingiza Labour madarakani 2024, kwa sauti ya chini akimwona bibi ameingia.

Na si kwamba hana hoja za kumtetea. Kima cha chini cha mshahara kilipanda Aprili 2025 hadi pauni 12.21 kwa saa, na kwangu mimi mbeba boksi, kama mnavyotuita huko nyumbani, hiyo ni pesa ya kuonekana. Ukomo wa kulipia ruzuku watoto wawili tu kwa kila familia, uliokuwepo tangu 2017, bajeti ya Novemba 2025 iliamua uondoke Aprili 2026. Lakini jamaa wa gereji ana karatasi yake mfukoni: Labour waliahidi bili za nishati zitapungua kwa kiasi cha hadi pauni 300 kufikia 2030, walipoingia, Julai 2024, kikomo kilikuwa 1,568, Januari 2026 kikawa 1,758. Dereva alijibu kwamba bajeti iliahidi kupunguza wastani wa pauni 150 kuanzia Aprili 2026. Jamaa akauliza, kupunguza kutoka wapi, mmeshaongeza 190. Hesabu hiyo haikuwa na jibu zuri na dereva alijua.

Mzee naye ana malalamiko ambayo hayana miguu. Siku nzima ataisema michango ya bima ya taifa kwa waajiri, iliyopanda kutoka asilimia 13.8 hadi 15 Aprili 2025, kana kwamba ndiyo itakayomfungia duka. Ana mwajiriwa mmoja, mpwa wake. Msamaha wa waajiri wadogo umepandishwa hadi pauni 10,500 kwa mwaka. Mhasibu wake alishamwambia halipi chochote. Nilimuuliza mpwa, akacheka. Mzee anaendelea.

Jamaa wa gereji simpendi na simchukii. Ni mstaarabu, ananishikia mlango, na hoja yake ya kura si ya kipuuzi: 2024 Labour ilipata asilimia 33.7 ya kura ikachukua viti 411, Reform ikapata zaidi ya asilimia 14 ikaambulia vitano. Mei 2025 chama chake kikawa kikubwa kuliko vyote katika halmashauri ya mkoa wa Leicestershire unaotuzunguka, na alinunua biskuti za duka zima. Tatizo ni kila bili anailaza juu ya sera za mazingira na waomba hifadhi wanaowekwa mahotelini. Mzee, mkimbizi wa 1972, humkumbusha tangazo la Uganda Argus, kisha dakika mbili baadaye anakubaliana naye kuhusu boti za wahamiaji zinazovuka bahari kutoka Ufaransa. Hapo ndipo napandwa na hasira, na huwa namwambia mzee wazi.

Maana hayo hayaishii redioni. Septemba 2025 Farage alisema akiingia atafuta ukaazi wa kudumu kabisa. Novemba serikali ya Labour yenyewe ikapendekeza sisi tuliokuja kwa viza za uangalizi wa wazee na wagonjwa tungoje miaka 15 badala ya mitano. Jamaa wa gereji akaniambia kwa upole, "Hatukusemi wewe, wewe unafanya kazi." Nikamuuliza fomu ya uhamiaji ina sehemu ya kuandika kwamba jamaa wa gereji ananijua. Akanyamaza, akachaji ufunguo wake pauni kumi. Naye ni wa ufunguo, watu hawajui.

Jambo moja la manufaa nimelipata kwenye kaunta ile, na Waswahili wengi hapa hawalijui, kwa hiyo nalirudia. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola mwenye viza halali anaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura Uingereza, hata ya bunge. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda zote zimo. Dereva ndiye aliyenielekeza, akitumaini kura moja ya Labour. Kituoni unatakiwa kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya Jumuiya ya Madola inakubaliwa. Nilipiga kura 4 Julai 2024 hapa Leicester East, jimbo lililokuwa la Labour tangu 1987. Usiku ule Conservative walikuwa wanaanguka nchi nzima, na jimbo pekee walilowanyang'anya wapinzani wao ni hili letu, akaingia Shivani Raja, huku wabunge wawili wa zamani waliokuwa wa Labour wakigombea kivyao na kugawana kura. Mzee alipuliza kifua wiki nzima. Niliyempigia simtaji, na mzee hajaacha kudadisi kila anapopokea ufunguo.

Kasoro nyingine. Ufunguo ni pesa taslimu tu, kadi ya benki hapokei kwa huduma hiyo, na mashine ya kutolea pesa iliyo nje inakata ada. Ondokeni nyumbani na pesa zenu mfukoni. Ndani ni baridi, kihita kimoja kiko miguuni mwa mzee. Na foleni: mzee hawezi kurudisha chenji na kujibu hoja ya kisiasa kwa wakati mmoja, anasimamisha mkono hewani na sarafu zako zimo. Saa kumi na moja jioni, shule zimetoka na watu wanatoka kazini, ni mbaya zaidi. Ijumaa usijaribu kabisa.

Nendeni asubuhi, kabla ya saa tatu. Duka linafunguliwa saa kumi na mbili na nusu, linafungwa saa nne usiku, mashine ya ufunguo anaizima nusu saa kabla. Muhogo chagua mwenyewe na umwombe avunje ncha zote mbili. Ukiwa unawahi basi, usitaje Sunak wala letisi. Na salio la dharura, ule mkopo mdogo wa mita, likiisha usiku au wikendi msikimbie barabarani: mita hizi huwa hazikati mpaka asubuhi ya siku ya kazi inayofuata, ingawa deni utalikuta. Sikukuu ya Krismasi anafungua mpaka saa sita mchana, na mashine inakuwa imewashwa.